Mwenye Mji na Mlinzi Wake

Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kuingia vitani na Udachi, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilitokea mbele ya Dar es Salaam ikaupiga mizinga mnara wa simu ya upepo. Wakati huo huo Wadachi walitenda jambo ambalo mtu asiyezoea mambo ya vita angeliona kuwa ni wazimu. Walikuwa na chelezo kikubwa cha kutengenezea meli, kile kinachoelea juu ya maji, chombo cha thamani ambacho kila bandari ya pwani hii ingalikitamani. Wakakipeleka kwenye mlango wa bandari, mahali ambapo mkondo ni mwembamba na umepinda kama kiwiko, wakakizamisha kusudi kuuziba. Meli yao ndogo ya kupimia bahari, Möwe, wakaizamisha nayo kwa mikono yao wenyewe. Manowari yao kubwa, Königsberg, ilikuwa imekwisha toka tangu tarehe 31 Julai. Na kwa kuzibwa mlango ule ikawa kama mwana aliyefungiwa nje usiku na watu wa nyumbani kwake.

Waandishi wa historia ya vita wanalitaja jambo hili upesi wakapita, maana wana haraka ya kufika Tanga na Rufiji kwenye mapigano. Mimi limenishika kwa muda mrefu. Bandari ile ndiyo ile ile ambayo Sayyid Majid bin Said alianza kuijengea mji katika miaka ya 1860, akaupa jina la salama. Miaka hamsini baadaye mlinzi wa mji wa salama anaharibu mali yake mwenyewe ili mgeni asiingie, na ndani ya siku chache anapatana na mgeni huyo kwamba mji usipigwe. Najiuliza: mlinzi huyu alikuwa akimlinda nani? Na kama alikuwa na haki ya kuuhami mji, au haki ya kutouhami, haki hiyo aliipata kwa nani?

Naomba nisidhaniwe kuwa nauliza swali la askari. Askari huuliza mizinga iwekwe wapi, ukuta uwe na unene gani, na doria ipite saa ngapi. Maswali hayo yana majibu, na majibu yake hupatikana kwa kupima. Swali langu linatangulia hayo. Kabla mtu hajachimba handaki katika kiwanja cha mwenzake, yapasa ijulikane kwanza kiwanja ni cha nani.

Watu wawili waligombana juu ya jambo hili, na ugomvi wao ni wa faida kwetu kwa sababu kila mmoja alikuwa na hoja nzito. Mmoja ni Heinrich Schnee, aliyekuwa gavana tangu mwaka 1912. Mwingine ni Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi, aliyefika nchini Januari 1914, miezi michache tu kabla ya vita.

Gavana alitaka miji ya pwani iachwe wazi, bila askari na bila mizinga. Alitegemea mambo mawili ya sheria. La kwanza ni Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, uliosema kwamba nchi zilizomo katika eneo lililoitwa bonde la Kongo, eneo ambalo kwenye karatasi lilifika mpaka Bahari ya Hindi, zaweza kuwekwa nje ya vita vya Ulaya ikiwa wanaopigana watakubaliana. La pili ni mkataba wa Hague wa mwaka 1907 juu ya kupiga mizinga kutoka baharini, ambao kifungu chake cha kwanza kinakataza manowari kupiga bandari, miji, vijiji na nyumba visivyohamiwa. Hoja ya gavana basi ilikuwa nyepesi kueleza: mji wenye mzinga ni shabaha, mji usio na mzinga ni mji. Ukitaka watoto wasife, ondoa mzinga.

Mkuu wa majeshi alijibu kwa hoja ya namna nyingine kabisa. Yeye alijua kwamba koloni haliwezi kuokolewa kwa nguvu zake lenyewe. Bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na kila upande wa mipaka palikuwa na adui. Hatima ya nchi, alisema, itaamuliwa Ulaya. Kazi iliyobaki ni kuwavuta askari wengi wa adui waje huku, ili wasiende huko. Akawakusanya askari wake Pugu, juu ya vilima nyuma ya Dar es Salaam, na mapatano ya kuacha miji wazi akayaona kama kamba iliyofungwa miguuni pake.

Tazama ajabu iliyopo katika ugomvi huu. Yule aliyeitwa na wenzake mwoga ndiye aliyetaka koloni lisiumie. Yule aliyeitwa shujaa hakuwa akilitetea koloni hata kidogo, alikuwa akilitumia. Jeshi lake liliitwa kwa Kidachi Schutztruppe, maana yake jeshi la ulinzi, na nchi yenyewe katika maandishi ya serikali iliitwa nchi ya himaya. Maneno yote mawili yametoka katika shina moja lenye maana ya kukinga. Lakini ngao haijengwi kwa ajili ya ngao. Ngao hupokea mikuki ili ubavu wa mwenye kuishika usalimike, na ubavu ule ulikuwa Ulaya.

Hoja ya gavana nayo, ukiisogelea, ina ufa wake. Mji aliotaka uachwe wazi ulikuwa na mnara wa simu ya upepo ambao kwao aliweza kusema na manowari baharini. Kifungu cha pili cha mkataba ule ule wa Hague kinasema kwamba majengo ya vita, ghala za silaha, karakana zinazoweza kulisaidia jeshi, na manowari zilizomo bandarini, vyote vyaweza kupigwa hata katika mji usiohamiwa, baada ya taarifa na muda wa kadiri. Na kinaongeza maneno ambayo kila niyasomapo hunitia baridi: kwamba mkuu wa manowari hatachukua dhima ya hasara isiyoepukika itokanayo na kupiga huko. Yaani walikaa wanasheria wa dola kubwa mezani, wakafikiria nyumba ya jirani inayoangukiwa na kombora lililokusudiwa mnara, wakakubaliana kwamba hasara ile haina mwenyewe.

Katika miji ya pwani, lakini, palikuwa na sheria nyingine iliyojua hasara kila mara ina mwenyewe.

Wanavyuoni wa Kishafii, ambao vitabu vyao vilisomwa Bagamoyo, Pangani na Unguja kabla Mdachi hajakanyaga mchanga wa pwani, hutenga mikono ya aina mbili iwezayo kushika mali ya mtu. Upo mkono wa amana na upo mkono wa dhamana. Mwenye amana ni yule aliyekabidhiwa kitu na mwenyewe, kwa ridhaa. Kitu hicho kikiungua au kikiibwa naye hakuzembea wala hakuvuka mpaka, hadaiwi. Mghasibu ni yule aliyechukua kitu bila ridhaa. Huyu hudaiwa kwa vyovyote. Akizembea hudaiwa, asipozembea hudaiwa. Akikitetea kwa damu yake hudaiwa, akikimbia hudaiwa. Hata mvua ya mbinguni ikikiharibu, hudaiwa. Wala mali iliyotiwa nakshi na mghasibu haigeuki kuwa yake kwa sababu ya nakshi. Na akija mghasibu wa pili akamnyang'anya wa kwanza, mwenye mali anaweza kumdai ampendaye kati ya wawili hao.

Nimeitafakari kanuni hii mara nyingi, na kila mara naiona inafungua fundo ambalo Schnee na Lettow-Vorbeck hawakuweza kulifungua. Wao waligombania ni njia ipi ya ulinzi iliyo halali, wakidhani kwamba yule atakayechagua njia bora atakuwa ameondoka lawamani. Kumbe lawama haikutokana na njia. Ilitokana na mkono. Ikiwa mkono wao juu ya pwani ulikuwa mkono wa amana, basi inafaa kupima nani alikuwa mwangalifu na nani mzembe. Ikiwa ulikuwa mkono wa ghasibu, kipimo hicho hakina kazi: mji ukipigwa kwa sababu umehamiwa, ni juu yao, na mji ukipigwa ingawa haukuhamiwa, ni juu yao vile vile.

Ulikuwa mkono gani basi?

Mtu akisimama Bagamoyo wakati wa maji kupwa, ataona mchanga umeenea mbali mpaka jahazi zinalala ubavu, na wavuvi wanatembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi palikuwa bahari. Bandari hii haina kina. Meli kubwa hutia nanga mbali, na ndiyo sababu iliyowafanya Wadachi waache Bagamoyo na kuhamishia makao ya serikali yao Dar es Salaam mwaka 1891. Mvuvi mmoja mzee aliniambia kwa mzaha kwamba Bagamoyo haikuhitaji ngome, kwa kuwa Mungu aliifanya manowari ione haya kuikaribia. Lakini mzinga hauoni haya. Mwezi wa Septemba mwaka 1888 manowari ya Kidachi Leipzig iliupiga mji huu kutoka huko mbali, watu wa pwani walipokataa Kampuni ya Kidachi isishike ushuru na bendera.

Katika vita vile watu wa pwani walijipangia ulinzi wao wenyewe. Abushiri bin Salim al-Harth alijenga boma la magogo na udongo Nzole, karibu na Bagamoyo, akalishika mpaka Hermann von Wissmann alipolivunja tarehe 8 Mei 1889. Kaskazini yake, Saadani, Bwana Heri alijenga la kwake na kupigana muda mrefu zaidi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata, pwani ile iliyokwisha kushindwa kwa silaha, Udachi ikainunua kwa Sultani wa Unguja kwa Maki milioni 4. Nadhani ni haki kuuliza ununuzi wa namna hiyo ni ununuzi gani, ambao mnunuzi amekwisha kuingia nyumbani, amekwisha kumnyonga mpinzani, ndipo anapotoa mfuko wa fedha. Tena fedha zenyewe hampi mwenye nyumba bali humpa jamaa aliyekuwa akimtoza kodi. Kwa kanuni niliyoieleza, ridhaa ya mwenyewe haikupatikana. Mkono ulikuwa wa ghasibu.

Hapa msomaji mwangalifu atanizuia. Ataniambia kwamba nimemtaja “mwenye mji” kana kwamba ni mtu mmoja mwenye jina na muhuri. Anayo haki. Mwaka 1888 watu wa Bagamoyo hawakuwa na neno moja. Walikuwako waliomfuata Abushiri. Walikuwako matajiri waliohofia maduka na madeni yao. Na walikuwako maelfu ambao hawakutaka lolote ila kupona, wakakimbilia misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa hapo mwaka 1868. Wakapiga kambi chini ya minazi na miembe ya mapadri. Abushiri mwenyewe aliiheshimu misheni ile, hakuishambulia. Kwa muda, mahali palipokuwa salama kuliko pote Bagamoyo palikuwa mahali ambapo pande zote mbili zilikubali kutopigania.

Jambo hili limenipa taabu, maana linafanana sana na shauri la Schnee. Uwanja wa misheni ulikuwa mji wazi, nao uliokoa watu. Je, si ushahidi kwamba gavana alikuwa sawa?

Nimelipima nikaona tofauti moja. Waliokimbilia misheni walikwenda kwa miguu yao. Kila mama aliyefunga mzigo na kushika mkono wa mtoto alikuwa ameamua, na aliyetaka kubaki bomani kwa Abushiri alibaki. Mwaka 1914 hakuna aliyeulizwa. Liwali hakuulizwa, akida hakuulizwa, jumbe hakuulizwa, sembuse mchuuzi wa samaki. Shauri lilipita kati ya gavana aliyekwisha kuhamia Morogoro, mkuu wa jeshi aliyekuwa Pugu, na nahodha wa Kiingereza aliyekuwa melini. Watu watatu walijadiliana juu ya mji, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelala humo. Huenda mapatano yao yalikuwa mema. Naamini kwa siku zile yalikuwa mema. Wema wa shauri, hata hivyo, haumpi mshauri umiliki. Mtu akiiuza nyumba yangu kwa bei nzuri bado ameiuza nyumba yangu.

Lipo jambo la ahadi, nalo nataka nilikalie kidogo, kwa kuwa wasomi wengi hulicheka na mimi silioni la kuchekwa. Mapatano kama ya Dar es Salaam yalifanywa Tanga pia, siku chache baadaye mwezi huo huo wa Agosti, manowari Pegasus ilipofika. Serikali ya London haikuyakubali mapatano hayo. Tarehe 2 Novemba 1914 nahodha wa manowari Fox, Caulfeild, aliingia Tanga akamwarifu mkuu wa wilaya, Auracher, kwamba mapatano yamekwisha, na kwamba asiposalimu amri mji utapigwa. Auracher aliomba muda wa kushauriana. Akaondoka, akavaa sare za kijeshi, akapeleka habari. Lettow-Vorbeck akawaleta askari kwa gari moshi kutoka Moshi. Waingereza walikuwa wamekuja na jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Wadachi na askari wao hawakuzidi sana 1,000. Kufikia tarehe 5 Novemba Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha nyuma wafu wao, bunduki na risasi nyingi.

Tangu siku ile Caulfeild hulaumiwa. Husemwa kwamba kwa kutoa taarifa alipoteza nafasi ya kumstukiza adui, na kwamba adabu yake ililipiwa na askari wa Kihindi waliokufa katika mashamba ya minazi na katani. Hesabu hii ni ya kweli kwa upande mmoja. Lakini taarifa iliyompa adui muda ilimpa pia kila mwenyeji wa Tanga muda. Anayemlaumu nahodha kwa sababu ya askari asisahau kumweka katika mizani mtu aliyepata nafasi ya kuwatoa wazee wake mjini. Ahadi kwa adui ina sura mbili: huonekana kama neno kati ya maadui, lakini chini yake wamejificha watu ambao si adui wa yeyote. Ndiyo maana naiona nzito. Avunjaye ahadi ya namna ile bila taarifa hamdanganyi tu yule aliyetia sahihi, bali pia yule aliyelala akiitegemea bila kujua kwamba imeandikwa.

Wala siwasifu Waingereza kupita kiasi. Dar es Salaam yaliyofuata yalikuwa machungu. Tarehe 28 Novemba 1914 manowari Fox na Goliath zilifika kukagua meli zilizokuwa bandarini. Mashua zao zikaingia ndani chini ya bendera nyeupe za mji, wakaanza kuharibu mitambo ya meli zile, zikapigwa risasi zilipokuwa zikitoka. Kila upande ukasema mwenzake ndiye aliyevunja mapatano. Mji ukapigwa, na nyumba ya gavana ikabomolewa. Nimesoma maelezo ya pande zote mbili. Yanafanana kama mapacha, isipokuwa majina yamebadilishana nafasi.

Kisha yakaja ya mizinga. Königsberg, iliyokosa bandari ya kurejea, ilijificha katika mikono ya mto Rufiji baada ya kuizamisha Pegasus mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Ikafungiwa humo mpaka tarehe 11 Julai 1915, ilipopigwa ikashindwa, na watu wake wakaimalizia wenyewe. Lakini mizinga yake kumi iliopolewa majini, ikakokotwa na watu kwa kamba, ikatengenezewa magurudumu katika karakana Dar es Salaam. Sisi tunaosoma vitabu hupenda kustaajabia ufundi huo. Aliyestahili kuulizwa juu ya ufundi huo ni yule aliyeshika kamba.

Mzinga mmoja katika hiyo uliletwa Bagamoyo. Mji ulioepushwa na manowari kwa ufinyu wa maji yake ukapewa mzinga wa manowari nchi kavu. Alfajiri ya tarehe 15 Agosti 1916 Waingereza wakaja kwa mashua kutoka meli zilizotia nanga mbali, mabaharia na wanamaji pamoja na askari wa Unguja, huku mizinga ya meli ikipiga pwani. Mkuu wa Wadachi katika mapigano yale, von Bodecker, aliuawa, na ofisa wa wanamaji wa Kiingereza aliuawa. Mzinga ukatekwa. Sijui hoja yoyote ya ulinzi inayoweza kuonyesha kwamba mzinga ule uliwafaa watu wa Bagamoyo kwa saa moja. Uliwekwa ili kuchelewesha. Na mji unaotumiwa kuchelewesha ni sawa na kiunzi kilichotupwa njiani ili anayefukuza ajikwae. Hakiulizwi kitavunjika wapi.

Siku ishirini baadaye, tarehe 4 Septemba 1916, Dar es Salaam iliingiwa na Waingereza bila kupiganiwa. Jeshi la Kidachi lilikuwa limekwisha kuondoka kwenda kusini, likawaacha wagonjwa na raia. Yaani jambo lile lile ambalo gavana alilitaka mwaka 1914, nalo likaitwa woga, lilifanywa na jeshi mwaka 1916 likaitwa hekima ya vita. Katikati ya majina hayo mawili palipita miaka miwili ya mizinga.

Vita vikaendelea bara, na huko ndiko bei ilikolipwa. Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya, akasifiwa na maadui zake pia. Kwa upande wa Waingereza peke yao wapagazi walioandikwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kwa upande wa Wadachi wapagazi wengi hawakuandikwa hata majina. Ugogo, mbali na bahari kwa safari ya wiki nyingi kwa miguu, majeshi yote yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, mvua zikakosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya. Mgogo huyo hakuwahi kuiona Königsberg. Hapo nikatambua kwamba hata swali langu la kwanza lilikuwa dogo mno. Nilikuwa nikiuliza kama mwenye mji aliulizwa juu ya ulinzi wa mji wake. Ilinipasa niulize pia juu ya mtu ambaye mji si wake, bahari si yake, wala ugomvi si wake, naye akatozwa ulinzi wa vyote.

Wapo watakaosema kwamba natumia kanuni ya mali ya mtu binafsi kuhukumu mambo ya dola, na kwamba dola haiwezi kushtakiwa kwa kadhi kama mwizi wa mbuzi. Ningalikubali, kama dola zenyewe hazikulitumia neno hilo. Vita vilipokwisha Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, na katika hati ya Shirikisho hilo utawala wa nchi kama hizi umetajwa kuwa ni amana. Baada ya vita vya pili ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 1946. Angalia jinsi maneno yanavyotembea: kwanza himaya, kisha amana, kisha udhamini. Wanavyuoni wetu wangaliuliza swali moja tu, nani aliyekabidhi? Mghasibu wa pili akipokea mali kutoka kwa mghasibu wa kwanza mbele ya mashahidi hamsini, bado mwenye mali hayumo katika kikao. Mkono hubadilika kutoka ghasibu kuwa amana siku mwenyewe anaporidhia, si siku majirani wanapopiga makofi.

Ridhaa hiyo iliombwa na kutolewa kwa njia ya kura miaka mingi baadaye, na uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Tangu hapo kipimo kimegeuka. Walioshika mji baada ya hapo wameshika amana kweli, na kwa hiyo swali la uangalifu na uzembe, lile ambalo halikuwa na maana kwa Schnee wala kwa Lettow-Vorbeck, ni swali halali kwao. Nao wanaweza kutoka lawamani kwa kulijibu vema, jambo ambalo wale wawili hawakuliweza kwa ushujaa wala kwa huruma.

Nyumba ya gavana iliyobomolewa mwaka 1914 ilijengwa upya na Waingereza mwaka 1922 mahali pale pale. Ndiyo Ikulu ya Dar es Salaam. Iko Magogoni, karibu na mlango wa bandari, na meli zinazoingia hupita mbele yake polepole, juu ya mkondo ule ule mwembamba ambamo chelezo kilizamishwa.